Sentimita Tatu na Nusu

Usoke, chumba cha chanjo, Jumamosi saa nane.
Tumechelewa kwa sababu ya umeme
na kwa sababu ya Mihambo, aliyekwenda kutafuta gunia.

Mdoli tulioahidiwa na wilaya haujafika.
Tumejishonea wetu: kiroba cha mbolea ya tumbaku,
godoro kuukuu, springi mbili za kiti cha pikipiki
alizozikaza fundi Kapaya kwa waya wa ua.
Macho hatukumchora.
Tumemwita Bwana Shamba,
maana huja mara moja kwa mwaka
na akija, hulala.

Simu ni yangu. Kioo kimepasuka kona ya juu,
chaji asilimia arobaini na moja.
Naifunga mgongoni mwa kiganja kwa bandeji,
na kitu kidogo ndani yake, nisichokijua jina,
kinahisi mkono ukishuka, kinahisi ukipanda,
kinahesabu.

Wa kwanza Shija wa bodaboda.
Anamshukia Bwana Shamba kama mchi kinuni.
Simu ikasema: *Punguza mwendo.*
Darasa likaangua kicheko;
hilo hata trafiki wa Urambo walishamwambia.

Akaja mama Nyanzala, mkamuaji asali.
Anakandamiza vyema, ila haachii;
viganja vimelalia kifua kama vimelalia sega.
*Achia. Kifua kipande.*
Moyo nao, nikawaeleza, hunywa ukiachiwa.
Akatikisa kichwa: ndivyo hata masega.

Kisha mimi, mwalimu.
Miaka tisa kazini, cheti changu kiko ukutani
juu ya friji ya chanjo, kila mtu anakiona.
Nikapiga magoti.
Moja na mbili na tatu na nne,
mwendo wa behewa likishaiacha stesheni,
hadi thelathini.

Simu ikasema, bila haya, bila shikamoo:
*Bonyeza zaidi. Sentimita tatu na nusu.*

Zinatakiwa tano.

Hapo hakucheka mtu.

Luhende alianguka mlangoni pa bani la tumbaku,
mwaka juzi, msimu wa kukausha, majani bado mikononi.
Nilikuwa hatua ishirini.
Nilibonyeza hadi jasho langu likamdondokea shingoni.
Watu wakasema nesi amejitahidi.
Mkewe aliushika mkono wangu huu, akaubusu,
nami niliuamini.
Hakuna aliyeupima.

Labda tano zisingemrudisha.
Wengi hawarudi hata ukibonyeza sawasawa,
mimi mwenyewe ndiye ninayefundisha hivyo.
Lakini sentimita moja na nusu,
kitu cha kufunikwa na ukucha wa dole gumba,
nimetoka nacho chumbani mle
na sijui nikitue wapi.

Sikuwasimulia. Nilisema tu: narudia.
Narudia mara saba, mbele ya wanafunzi wangu,
viwiko vimenyooka, mabega juu ya viganja,
uzito ukitoka mgongoni.
Kapaya akainama kukaza waya uliolegea.
Mara ya saba simu ikasema *Vizuri*
kwa sauti ya binti aliyerekodiwa mbali,
asiyeijua Usoke, asiyemjua Luhende,
na ambaye, namshukuru, hakunionea aibu.

Usiku nimeifunga tena.
Nabonyeza godoro upande wa ukutani, polepole
nisimwamshe mtoto. Ameamka.

«Mama, nani amekufa?»
«Hakuna.»
«Sasa mbona unahesabu?»

Chaji asilimia sita.
Ishirini na saba, ishirini na nane.
Godoro linashuka.
Naliachia,
lipande lote.